Kabla Hujasema Ni Homoni

Mwanamke wa Ukunda akichoka mfululizo, akinenepa bila kuongeza chakula, akikosa hedhi miezi miwili au akianza kuota ndevu kidevuni, jibu atakalolipata saluni, dukani kwa dawa au kwa shoga yake ni lile lile: homoni zako zimevurugika. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo huja mapema mno, na likija mapema lina hasara. Kuna anayeishia kununua chai za kusafisha homoni na vidonge visivyo na jina huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini, na kuna anayekata tamaa akiamini mwili wake umeharibika kwa namna isiyotibika. Hoja yangu ni kwamba matatizo ya homoni hayatambuliwi kwa dalili moja. Hutambuliwa kwa dalili zinazoandamana, zilizowekewa tarehe, baada ya kuchunguzwa kwanza yale maradhi yaliyozoeleka hapa kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, na ambayo huja kwa sura hiyo hiyo.

Homoni ni ujumbe unaosafiri kwenye damu. Hutoka katika tezi ndogo ndogo: iliyo chini ya ubongo, iliyo shingoni, zilizo juu ya figo, kongosho na ovari. Kwa kuwa damu hufika kila mahali, homoni moja ikipungua au ikizidi mabadiliko huonekana pengi kwa pamoja: kwenye ngozi, nywele, uzito, usingizi, choo, moyo na hedhi. Ndiyo maana uchovu peke yake hauthibitishi kitu. Mama wa Kibuyuni anayefuata maji yakipwa ili ahudumie mwani wake, au binti anayefanya zamu za usiku hotelini Diani, ana sababu ya kuchoka. Nywele kukatika kwenye panja kunaweza kuletwa na kusuka kwa kubana. Lakini uchovu ukifuatana na choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kukwaruza, hedhi kuwa nzito na uzito kupanda ingawa hamu ya kula imepungua, basi dalili zote hizo zinatazama upande mmoja, nao ni tezi ya shingo inayofanya kazi polepole. Kwa mkazi wa pwani ipo dalili inayosema zaidi ya zote, nayo ni baridi. Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na watu wakilala madirisha wazi, anayeomba feni izimwe na kujifunika kanga ya pili anapaswa kupimwa. Tezi hiyo ikizidisha kazi mambo hugeuka: moyo huenda mbio hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, hukonda huku akila vizuri, na hedhi hupungua. Rovu huweza kuonekana katika hali zote mbili, au isionekane kabisa, kwa hiyo shingo nyembamba si hakikisho.

Kundi jingine la dalili linawahusu zaidi wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata kati ya asilimia 6 na 13 ya wanawake wa umri huo, na hadi asilimia 70 ya walio nao hawajui. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi zinazopishana sana au kukosekana, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, kama ndevu, chunusi za taya na kifua, na nywele kupungua utosini, na ovari kuonekana na vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa, ni mayai ambayo hayakupevuka. Ishara inayopuuzwa sana ni weusi wa ngozi shingoni, kwapani na kwenye mapaja, ngozi ikiwa imenenepa na kuwa laini. Wazazi huwasugua mabinti zao kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na mabinti huona aibu, ilhali mara nyingi ni alama ya insulini iliyopanda kwa sababu mwili hauisikii tena. Binti wa namna hiyo anahitaji kupimwa sukari, na hilo halihitaji safari: tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu wanapopita majumbani. Ikumbukwe tu kwamba nywele chache za kidevuni huweza kuwa za ukoo. Kinachotisha ni ndevu zinazoota kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na misuli ikatanuka, maana hapo lazima uvimbe utafutwe.

Wanawake waliokaribia ukomo wa hedhi nao wana shida yao kwenye pwani yenye joto, kwani mawimbi ya joto ya ukomo hujificha ndani ya joto la kawaida. Njia ya kuyatofautisha ni kuangalia yanavyokuja. Joto la hewa humpata kila aliye chumbani na huisha ukikaa penye upepo. Wimbi la ukomo huanzia kifuani likapanda shingoni na usoni, hudumu dakika chache, huacha jasho na pengine kibaridi, na huja hata usiku wa Julai wakati kusi imepoza nyumba nzima. Ukomo huja kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa umefika baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Miaka inayoutangulia ndiyo yenye vurugu zaidi: hedhi hukaribiana na kuachana, usingizi hukatika, hasira hupanda, uke hukauka. Haya ni maumbile na yana tiba ya kuyapunguza, kwa hiyo hakuna sababu ya mama kuambiwa avumilie. Aliyekatikiwa na hedhi kabla ya miaka 40 ni suala jingine, naye asiambiwe kwamba ni uzee, kwa sababu mifupa na moyo wake vinahitaji ulinzi wa homoni alizozikosa mapema.

Nimetaja tarehe, na hapa wanawake wa Kwale wana msingi ambao wengi hawauthamini. Aliyepita chuo cha Kurani amefundishwa kutofautisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, anazijua siku zake kwa ajili ya sala, na anahesabu funga za Ramadhani anazodaiwa. Hilo ni daftari la afya ambalo tayari liko kichwani. Linahitaji kuandikwa tu. Lakini izingatiwe kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa Pwani, hedhi inaweza kufika siku 15, na mpaka huo umewekwa kwa ajili ya ibada. Kiafya, damu inayopita siku nane kila mwezi, inayolazimisha pedi kubadilishwa kila saa au mbili, au inayotoka na mabonge makubwa, ni damu nyingi kupita kiasi hata kama kifiqhi bado ni hedhi. Mwanamke anaweza kuzifuata hukumu zote mbili bila kuzichanganya. Aandike siku ya kwanza ya damu, siku ilipokoma, pedi alizotumia kwa siku, maumivu, dawa alizomeza, na dalili nyinginezo pamoja na siku zilipotokea. Kwa mtu mzima, kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata kwa kawaida ni siku 21 hadi 35. Binti aliyevunja ungo majuzi anaweza kupishana zaidi ya hapo kwa miaka miwili mitatu bila kuwa mgonjwa. Miezi mitatu ya kuandika huonyesha kisichoonekana kwa kukumbuka: kwamba kichwa huuma siku mbili kabla ya damu na si ovyo ovyo, au kwamba hedhi inayosemwa haina mpango hurudi kila siku 34.

Katika daftari hilo hilo yaandikwe yale tunayouingizia mwili wenyewe, maana mengi yanayoitwa mvurugiko ni kazi ya dawa. Karibu nusu ya wanaotumia sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu kwa mwaka mzima hukosa hedhi. Wapo wanaoamini damu hiyo hujikusanya tumboni. Haijikusanyi: sindano huufanya ukuta wa kizazi uwe mwembamba, na hakuna cha kutoka. Kijiti cha mkononi huleta matone yasiyotabirika. Kidonge cha dharura, P2, huweza kuleta hedhi mapema au kuichelewesha, na anayekimeza mara tatu kwa mwezi hawezi kujua mwezi wake ulivyo. Vivyo hivyo vidonge vinavyomezwa ili hedhi isije katikati ya Ramadhani au wakati wa Hija. Je, basi ni kweli kwamba kupanga uzazi huharibu homoni? Hubadilisha homoni kwa muda dawa inapokuwa mwilini, na ndivyo inavyozuia mimba. Ikiisha, mzunguko hurudi, ingawa kwa sindano uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Ninachokiogopa zaidi ni vitu vinavyouzwa bila maelezo. Mkorogo wa kujichubua mara nyingi huwa na steroidi kali, na vidonge vya kunenepesha makalio aghalabu huwa na deksamethasoni. Hivi ni homoni hasa: huviringisha uso, hupasua ngozi ya tumbo mistari ya zambarau, hupandisha sukari na presha, hukata hedhi, na hulaza tezi zilizo juu ya figo. Aliyevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla kwa siku moja. Aende kwa daktari akiwa na kopo mkononi, aachishwe taratibu.

Sasa tuje kwenye kile kinachoitofautisha Kwale na mahali ambako makala nyingi za homoni huandikwa. Kati ya 2015 na 2017 kaunti hii ilikuwa mahali pa jaribio kubwa lililoitwa TUMIKIA, lililofanywa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kitibabu ya Kenya (KEMRI) pamoja na wenzao wa London kuhusu minyoo ya safura. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanapaswa kujulikana na kila mama. Katika vijiji ambako watoto wa shule peke yao walipewa dawa mara moja kwa mwaka, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 tu kwa miaka miwili. Ambako watu wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Maana yake ni kwamba dawa za shuleni haziwafikii watu wazima wanaobaki nyumbani, wakiwemo wanawake wanaolima peku. Safura hunyonya damu kwenye utumbo, na damu ikipungua mwanamke huchoka, hupata kizunguzungu, husikia baridi, nywele hukatika, moyo humdunda akipanda ngazi, na pengine hutamani kula udongo. Linganisha orodha hiyo na ile ya tezi ya shingo. Kwa macho haziachani. Kinachoziachanisha ni kupima hemoglobini, kipimo cha bei ndogo kinachopatikana hata katika vituo vya afya, na kiwango chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Hapo swali linakuwa damu inakwenda wapi: kwa minyoo, kwa hedhi nzito, kwa uzazi wa karibu karibu, au kwa lishe duni.

La pili ni kichocho, na hili linaniuma zaidi kwa sababu limefichika. Watafiti wamekuwa wakiuchunguza ugonjwa huu Msambweni tangu miaka ya 1980, na kila mzazi anajua mtoto anayekojoa damu baada ya kuoga lamboni. Kinachojulikana na wachache ni kwamba mayai ya vimelea hao hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia ukeni, kwenye shingo ya kizazi na kwenye mirija, yakaacha vidonda na makovu kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wa Afrika kusini ya Sahara wana kichocho cha namna hii. Dalili zake ni matone ya damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, uchafu usiopona kwa antibiotiki, maumivu ya chini ya tumbo, kutoshika mimba, na mimba kutoka. Mwanamke mwenye dalili hizi huambiwa ni homoni, au vibaya zaidi huambiwa ni ugonjwa wa zinaa, na ndoa ikaingia shaka bila kosa la yeyote. Mkojo wake ukipimwa unaweza kuonekana safi ilhali mayai yako kwenye shingo ya kizazi. Kwa hiyo aliyekulia karibu na lambo, kidimbwi au mto, akafua na kuoga humo, aliseme hilo mwenyewe hata kama hakuulizwa, na aombe kutazamwa shingo ya kizazi kwa kifaa. Kutazamwa huko kunafaa pia kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi huleta damu kama hiyo hiyo. Dawa ya prazikwanteli huua vimelea. Makovu ya zamani huenda yasifutike yote, na hiyo ni sababu ya kuinywa mapema.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote yana jina la kale, ni chango, na dawa yake iko nyumbani. Wazee waliozikusanya dalili hizi pamoja walikuwa na macho: waliona kwamba maumivu ya hedhi, tumbo kujaa na kutozaa huandamana. Lakini ndani ya chango mna fibroidi, mna kuta za kizazi zinazoota nje ya mahali pake, mna kichocho, mna maambukizi ya mirija, mna ovari zenye vifuko, na kila kimoja kina tiba yake. Mzizi mmoja hauwezi kuwa dawa ya vyote vitano. Wapo pia watakaosema ni jini mahaba. Anayesomewa au kunywa kombe hakatazwi na kipimo cha damu, wala dua haibatiliki kwa kupigwa ultrasaundi. Linalonisumbua ni muda unaopotea. Mwanamke wa miaka 35 anayetafuta mtoto, akizungushwa kwa miaka mitatu kabla ya kuchunguzwa, amepoteza miaka ambayo hakuna mganga wala daktari atakayemrudishia. Na mumewe apimwe mbegu siku hiyo hiyo anapopimwa yeye, kwani visa vingi vya kutopata mtoto vina upande wa mwanamume.

Upo upande mwingine unaouliza: kwa nini kuzunguka hivi, si tupime homoni zote mara moja tujue? Kwa sababu homoni za hedhi hubadilika kila wiki, na kipimo kisicho na tarehe hakisomeki. FSH na LH, homoni zinazoziamuru ovari, hupimwa kati ya siku ya pili na ya tano ya damu. Projesteroni hupimwa yapata siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, yaani siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28 na siku ya 27 kwa mwenye mzunguko wa siku 34. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda kwa wasiwasi, kwa kuguswa matiti na kwa baadhi ya dawa za kutapika na za akili. Aliye kwenye sindano atapata majibu yanayoieleza sindano. Kuna wanaovuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa wakalipa maelfu kwa karatasi yenye mistari kumi, kisha wakaambiwa warudie kwa sababu hakuna anayejua damu ilichotwa siku gani ya mwezi. Utaratibu wa bei nafuu huanza na kipimo cha mimba, hemoglobini, mkojo, choo na sukari. Baada ya hapo, kwa dalili zinazoelekea shingoni, TSH, kipimo cha tezi ya shingo, na kwa hedhi iliyopotea au maziwa yanayotoka kwa asiyenyonyesha, prolaktini. Ultrasaundi ifuate. Nyinginezo zingojee daktari aliyesoma daftari.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanawake wenyewe, nao wana haki: tukianza na minyoo na damu, tutapewa vidonge vya chuma na kurudishwa nyumbani, na tatizo la homoni halitatafutwa kamwe. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana tarehe inamlinda mgonjwa. Akirudi baada ya miezi mitatu ya dawa na kuonyesha kwamba hemoglobini imepanda lakini hedhi bado haijarudi na baridi iko pale pale, hapo ana hoja isiyoweza kupuuzwa, na anaweza kudai rufaa ya kwenda hospitali ya Msambweni au hospitali kuu ya Mombasa. Mfano unaostahili kujulikana ni ugonjwa uliopewa jina la Sheehan, daktari aliyeueleza mwaka 1937. Mama hutokwa na damu nyingi mno anapojifungua, tezi iliyo chini ya ubongo hukosa damu na sehemu yake hufa. Baada ya hapo maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za siri na za kwapani hupukutika, presha hushuka, na mwili unakuwa mzito na baridi kwa miaka. Vidonge vya chuma peke yake havimponyi. Anahitaji kupewa homoni alizozipoteza. Swali moja humfichua: ulipojifungua ulitokwa na damu kiasi gani, na maziwa yalitoka? Asipoulizwa, alitangulize yeye.

Kuna yasiyongojea daftari. Hedhi iliyochelewa ikafuatwa na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, matone ya damu na kizunguzungu huweza kuwa mimba nje ya kizazi, na mgonjwa apelekwe saa hiyo hiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, si kituo cha karibu cha kupewa dawa ya maumivu. Damu inayojaza pedi kila saa kwa saa kadhaa ni dharura. Maumivu ya kichwa yanayoandamana na kutoona vizuri pembeni, hasa kwa anayetoka maziwa bila kunyonyesha, yanataka kupigwa picha ya ubongo. Na bibi aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, hata bila maumivu, hata kama majirani watampongeza kwamba ujana umerudi, aende kuchunguzwa kizazi wiki hiyo hiyo.